Kusomesha Muuguzi Ni Nusu ya Kazi

Zahanati nyingi za vijijini hutegemea muuguzi mmoja au wawili. Ndiye anayezalisha akina mama usiku na kuchanja watoto. Akihama, huduma husimama.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inaonyesha kuwa mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, na upungufu wa milioni 5.8. Katika nchi tajiri, asilimia 23 ya wauguzi wamezaliwa nchi nyingine.

Je, dawa ni kusomesha wengi zaidi? Hiyo ni nusu tu. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka huko wauguzi waliohitimu lakini hawana ajira. Wagonjwa walikuwepo, wauguzi walikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi za kazi na mishahara.

Kwa hiyo wafadhili wanaolipia ada wanafanya jambo jema, lakini waulize pia: nani atamwajiri? Nazo kamati za parokia zitazame yaliyo ndani ya uwezo wao: nyumba salama, maji, na mshahara unaolipwa kwa wakati. Anayetunza wagonjwa naye anahitaji kutunzwa.