Utando si chujio, wala plazma haitibu uso

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa uzamili katika kemia aliniletea ikisiri ya tasnifu yake niihariri. Kichwa kilisomeka: “Matibabu ya Uso wa Chujio la Polima kwa Plazma”. Nilicheka kidogo, kisha nikaona haya. Msomaji wa kawaida angedhani ni habari za saluni au hospitali: uso unatibiwa, tena kwa maji ya damu!

“Mwalimu, kamusi ndiyo iliyonipa maneno hayo,” alijitetea.

“Basi tuiweke kando kwanza,” nikamwambia. “Hebu nieleze unachofanya maabarani.”

Nilichoelewa ni hiki. Polima ni dutu ambayo molekuli zake ni ndefu kama minyororo. Mpira na plastiki ni polima. Ukitengeneza ngozi nyembamba mno ya polima, kisha ukausukumia mchanganyiko wa gesi upande wake mmoja, baadhi ya gesi hizo hupenya upesi kuliko nyingine. Njia hii hutumiwa, kwa mfano, kusafisha biogesi itokanayo na samadi, ambayo huwa na methani na kabonidioksidi. Kabonidioksidi haiwaki, ikipunguzwa, gesi inayobaki huwaka vizuri zaidi.

Je, ngozi hiyo ni chujio? La hasha. Chujio la chai huyazuia majani kwa kuwa ni makubwa kuliko matundu yake. Ngozi ya mpira haina matundu ya namna hiyo. Mwaka 1866, mwanakemia Mskoti Thomas Graham alieleza kwamba gesi huyeyuka kwanza ndani ya mpira, ikasafiri humo, kisha ikatokea upande wa pili. Hewa ya kawaida, yenye takriban asilimia 21 ya oksijeni, ilitokea ng’ambo ikiwa na asilimia 41 hivi. Aliona pia kwamba kabonidioksidi huupenya mpira haraka kuliko hidrojeni, ilhali molekuli ya hidrojeni ndiyo ndogo. Sasa, ni chujio gani hilo linalopitisha kikubwa na kukawiza kidogo? Mwanafunzi aliyefunzwa kwa neno “chujio” atalijibu swali hilo visivyo kwenye mtihani, na kosa halitakuwa lake.

Tunalo neno “utando” tangu jadi: utando wa buibui, utando juu ya maziwa yaliyopoa. Latosha kabisa.

Tuje kwa “plazma”. Inayozungumziwa hapa ni gesi iliyopigwa na umeme hadi baadhi ya atomu zake zikapoteza elektroni, kama ile ing’aayo ndani ya taa za neoni. Mmarekani Irving Langmuir ndiye aliyeiita hivyo mwaka 1928. Utando ukiwekwa ndani yake kwa muda mfupi, minyororo iliyo juu kabisa hukatika na kuungana upya, ikakazana. Gesi iliyotumika ikiwa oksijeni au amonia, vikundi vipya vya atomu hujipachika hapo na kubadilisha jinsi utando unavyozipokea gesi.

Hayo yote hutokea kwenye tabaka lenye unene wa nanomita chache au makumi kadhaa tu. Sehemu ya ndani hubaki ilivyokuwa, na uimara wake. Hiyo ndiyo faida. Lakini kila kizuri kina kasoro: tabaka likikazana, gesi hutengana vyema ila hupita polepole, plazma ikizidi, utando huchimbika. Tena katika polima laini, vile vikundi vipya huweza kugeukia ndani siku zinavyopita, athari ikafifia.

Mgonjwa basi hayupo, na uso wa mtu haupo. Tukaandika upya: “Kurekebisha Tabaka la Juu la Utando wa Polima kwa Plazma ya Gesi”. Kichwa kimerefuka kidogo, lakini hakidanganyi.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiiwezi sayansi. Katika kichwa kile kibovu, maneno yote yalikuwa ya Kiswahili na yote yalipatikana kamusini. Kilichokosekana ni mtu wa lugha kuketi na mtu wa maabara na kumwuliza: hiki kitu chako kinafanya nini hasa? Walimu wenzangu, tuulize kabla hatujatafsiri.