Mbwa Hana Pasi: Funzo la Kampala kwa Wakaao Mipakani

Safari hii tunazungumzia jambo linalofika mara kwa mara kwenye vituo vya polisi, nalo ni mtu kuumwa na mbwa.

Mlalamikaji huja na hasira, akitaka mwenye mbwa akamatwe na alipe fidia. Haki yake ya kulalamika ipo. Hata hivyo, tunapomwuliza kama kidonda kimeoshwa, mara nyingi hujibu kwamba bado. Hapo ndipo penye hatari. Kesi yaweza kungoja hadi kesho, lakini kichaa cha mbwa hakingoji. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila aliyeupata. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa.

Mjini Kampala kuna shirika la hisani linalojulikana kwa herufi za USPCA, lililoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya ulinzi na matunzo ya wanyama. Katika makao yake yaitwayo The Haven, hupokea mbwa na paka waliotupwa, waliojeruhiwa au kuteswa. Wanyama hao hutibiwa, huchanjwa, hufungwa uzazi, kisha hutafutiwa watu wa kuwachukua na kuwatunza.

Wapo wanaouliza: kwa nini kumhangaikia mbwa ilhali binadamu wana shida? Swali hilo ni halali, na jibu lake ni kwamba anayemchanja mbwa anamkinga mtoto wa jirani. Wataalamu wanatuambia kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kuua mbwa ovyo kwa sumu au marungu hakufikishi huko, kwa kuwa nafasi ya waliouawa huchukuliwa na wengine wasiochanjwa. Tena sumu iliyotegwa njiani haichagui. Huweza kumwua kuku, ng'ombe, hata mtoto.

Sheria za Uganda nazo zimekwisha kusema. Ni kosa kumpiga mnyama kikatili, kumtesa au kumbebesha mzigo unaozidi nguvu zake. Anayeona ukatili huo aripoti kwa mwenyekiti wa LC1 au kituo cha polisi kilicho karibu. Asijichukulie sheria mkononi.

Kwenu wakaao mipakani jambo hili lina uzito wa pekee. Mbwa hana pasi ya kusafiria. Asubuhi yuko soko la upande huu, jioni yuko upande wa pili. Upande mmoja ukichanja na mwingine ukaacha, kazi huwa nusu. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa pande zote mbili wapashane habari za mbwa wanaoshukiwa. Na yeyote avushaye mnyama kwa makusudi apitie njia halali, akiwa na hati ya daktari wa mifugo.

Mtu akiumwa, afanye hivi:

1. Aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15.

2. Aende hospitali siku hiyohiyo akapewe chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Asikidharau kwa sababu hajisikii vibaya, maana dalili huweza kuchukua wiki au miezi kujitokeza.

3. Mbwa afungwe mahali salama na kuchunguzwa kwa siku 10, na daktari wa mifugo aarifiwe. Akifa, asiguswe kwa mikono mitupu wala asizikwe kabla ya daktari kupata habari.

4. Ndipo taarifa iletwe polisi. Tutaipokea.

Wazazi, waambieni watoto wasifiche jeraha kwa kuogopa kuchapwa. Mtoto anayenyamaza ndiye tunayemhofia zaidi. Nanyi wenye mbwa, wachanjeni kila mwaka na msiwaache wazurure usiku. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu, ukichelewa, tiba haipo kabisa.