Kivuli kiko mbali na Eastlands

Januari 19, 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi waliandamana kudai uwanja wao wa michezo, ambao ulikuwa umezungushiwa ukuta. Watoto wenye sare waliusukuma ukuta ule ukaanguka, polisi wakawarushia vitoa machozi. Picha zilisambaa duniani, serikali ikaona aibu, na ardhi ikarudishwa kwa shule.

Wale angalau walikuwa na uwanja wa kupigania. Mtoto wa Mukuru au Mathare, ambako nyumba ya mabati imebanana na nyumba ya mabati, hucheza mpira kwenye barabara, akipisha bodaboda kila dakika. Akishafika miaka kumi na minane, hata hapo barabarani hatakiwi. Vijana wanne wakikaa pamoja chini ya mti, askari wa kaunti anataka kujua wanapanga nini.

Ubaguzi huu wa nafasi una asili yake. Wakoloni waliligawa jiji kwa rangi: upande wa magharibi na kaskazini, wenye miinuko na misitu, ukawa wa Wazungu, na Waafrika wakawekwa mashariki, iliko Eastlands ya leo, kwenye tambarare karibu na reli na viwanda. Baada ya Uhuru, sheria za rangi ziliondoka lakini miti haikuhama. Mtaa kama Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940 ukiwa na uwanja wazi katikati, ulibaki mfano wa nadra. Viwanja vingi vya umma vilimegwa usiku na watu wenye vyeo, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi wizi huo ulivyofanyika.

Nairobi inajivunia Karura, na ina haki. Ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji. Mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa na wahuni akiutetea Januari 1999, na miaka kumi baadaye wakazi waliungana na serikali kuuzungushia ua, wakaugeuza msitu uliokuwa ukiogopwa kuwa mahali ambapo mwanamke anakimbia asubuhi bila hofu. Walinzi wanahitaji mishahara, na kiingilio kimesaidia kuilipa. Hata hivyo, kwa kijana wa Kayole asiye na kazi, nauli ya matatu mawili kwenda na mengine mawili kurudi, ukiongeza na shilingi 100 ambazo Mkenya mzima alizilipa langoni kwa miaka mingi, ni hela ya unga. Kijana wa Mathare anaweza kutembea hadi lango la Barabara ya Kiambu, lakini langoni anakwama. Mimi naona vijana wa mitaa hii wangeingia bure kila wikendi, na msitu usingepungukiwa na chochote.

Uhuru Park ndiyo iliyokuwa ya wote. Siku ya Krismasi familia kutoka Eastlands zilijaa pale, watoto wamevaa nguo mpya, wapiga picha wakizunguka, mashua zikielea bwawani. Ndiyo bustani aliyoiokoa Maathai mwaka 1989, chama tawala kilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60. Lakini ilipofungwa mwaka 2021 ili ikarabatiwe, mageti yalikaa na kufuli muda mrefu mno. Mwenye gari alikwenda kwingine. Asiye nalo alibaki nyumbani.

Ndiyo maana natazama zaidi Dandora na Korogocho. Dandora ilijengwa miaka ya 1970 nyumba zikizunguka nyua za pamoja, ambazo baadaye ziligeuka majalala. Vijana wamezisafisha moja baada ya nyingine. Wamepaka kuta rangi, wamepanda maua ndani ya matairi makuukuu, na kwenye nyua kadhaa hela ya kuosha na kulinda magari ndiyo inayotunza mahali. Jioni watoto wanaruka kamba ndani, na mama anawaona akiwa mlangoni pake. Huko Korogocho, kikundi cha Komb Green Solutions, ambacho baadhi ya wanachama wake waliacha uhalifu, kilizoa takataka kwenye ukingo wa Mto Nairobi kikapanda miti na kuweka viti na michezo ya watoto. Hakuna kiingilio.

Hofu yangu ni hati za ardhi. Ardhi iliyokuwa jalala hakuna anayeitaka. Ikishapendeza, wenyewe huibuka. Serikali ya Kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi zinapaswa kupima kila kipande cha namna hii sasa, kukisajili kuwa ardhi ya umma na kuvipa vikundi hivi mkataba wa kukitunza. Kisha bajeti ya kaunti ilete maji ya mfereji, taa, na choo kisicho cha kulipia, maana msichana hawezi kukaa mahali pasipo choo wala taa hata miti iwe mizuri namna gani. Na askari wapewe amri ya wazi kwamba kijana aliyekaa kwenye nyasi za umma havunji sheria yoyote.