Refa Naye Akipigiwa Kura

Wahenga walinena kwamba kesi ya ngedere hapelekewi nyani. Methali hii humjia Mkenya akilini kila uchaguzi mkuu unapokaribia, kwani swali letu la daima humu nchini limekuwa ni nani anayestahili kumteua refa wa kura. Wapo wanaoshikilia kwamba, maadamu uteuzi umetuzalia fitina kila mara, heri wananchi wamchague mwenyekiti wa tume wao wenyewe, kama wawachaguavyo wabunge na magavana. Wanafunzi wangu hunitupia swali hilo mara kwa mara. Nami huwarai kwanza tuitazame nchi ambako jambo hilo hufanywa, ndipo tutoe hukumu.

Nchi hiyo ni Marekani. Huko hakuna tume moja inayohesabu kura za taifa zima na kumtangaza mshindi. Kila mojawapo ya majimbo 50 huendesha uchaguzi wake, na katika mengi ya majimbo hayo msimamizi mkuu huitwa Katibu wa Jimbo. Msomaji asimchanganye na yule waziri wa mambo ya nje wa serikali kuu, ambaye cheo chake kwa Kiingereza kina jina lilo hilo. Katika majimbo kama vile Texas, katibu huyu huteuliwa na gavana. Katika Maine, New Hampshire na Tennessee, huchaguliwa na bunge la jimbo. Lakini katika majimbo yaliyo mengi zaidi, hupigiwa kura na wananchi wa jimbo zima, tena akiwa mgombea wa chama. Refa, basi, huingia uwanjani akiwa amevaa jezi ya mojawapo ya timu zinazocheza.

Matokeo yake ni yepi? Mwaka 2000 ulimwengu mzima uliukodolea macho uchaguzi wa urais katika jimbo la Florida. Katibu wa Jimbo, Katherine Harris, alikuwa amechaguliwa kwa kura mwaka 1998. Hali kadhalika, alikuwa mmoja wa wenyeviti wa kampeni ya George W. Bush katika jimbo hilo hilo. Ni yeye aliyeidhinisha ushindi wa Bush kwa kura 537 katika jimbo lililopiga takribani kura milioni sita. Hata kama kila alichotenda kilikuwa halali, nani katika upande ulioshindwa angeweza kulala akiwa na imani? Tangu mwaka 2003 Florida haimchagui tena afisa huyo. Humteua gavana, mageuzi ambayo wapiga kura walikuwa wameyapitisha mwaka 1998.

Hata hivyo, jimbo ambalo lina funzo kubwa zaidi kwetu ni Georgia. Mwaka 2018, Brian Kemp, aliyekuwa Katibu wa Jimbo, aliwania ugavana dhidi ya Stacey Abrams. Hakung'atuka katika wadhifa wa kusimamia uchaguzi mpaka siku mbili baada ya kura kupigwa. Alitangazwa mshindi kwa pengo la takribani kura 55,000. Mimi simshtaki kwa wizi. Nasema tu kwamba mashine zilizotumiwa wakati huo hazikuacha karatasi yoyote, na kwa hiyo hapakuwa na kitu ambacho mwenye shaka angeweza kukishika mkononi na kukihesabu upya.

Mrithi wa kiti hicho, Brad Raffensperger, alichaguliwa mwaka huo huo katika duru ya pili, kwa tikiti ya chama kile kile cha Republican. Kufikia uchaguzi wa urais wa mwaka 2020, Georgia ilikuwa imeleta mashine mpya zinazochapisha kura kwenye karatasi. Joe Biden alishinda jimbo hilo kwa kura 11,779. Malalamiko yalipozuka, karatasi zote, zipatazo milioni tano, zilihesabiwa kwa mkono, na mshindi akabaki yule yule. Tarehe 2 Januari 2021, Rais Donald Trump alimpigia simu katibu huyo, akamweleza kwamba alitaka kupata kura 11,780, yaani moja zaidi ya pengo lile. Raffensperger, mwanachama mwenzake, alikataa.

Adhabu haikukawia. Bunge la jimbo, lililokuwa mikononi mwa chama chake mwenyewe, lilipitisha sheria mwaka 2021 iliyomwondoa katika uenyekiti wa bodi ya uchaguzi ya jimbo. Kisha Trump akamuunga mkono mbunge Jody Hice ili ambwage katika kura ya mchujo. Basi tarehe 24 Mei 2022 wapiga kura wa Georgia waliulizwa swali zito: je, refa aliyekataa kubadilisha mabao afukuzwe? Raffensperger alipata takribani asilimia 52, akaepuka duru ya pili kwa upenyo mwembamba, na mwezi Novemba akamshinda Bee Nguyen wa chama cha Democratic.

Wanaotetea uchaguzi wa refa watashangilia hapa. Watasema kwamba laiti angekuwa mteule wa mkubwa, angefutwa kazi asubuhi iliyofuata. Ni kweli. Lakini asilimia 52 si ukuta wa mawe. Laiti wachache wangegeuka, kila afisa wa uchaguzi angejifunza kwamba uaminifu humpotezea mtu kiti chake. Isitoshe, ushupavu wa mtu mmoja ungekuwa maneno matupu lau zile karatasi hazingekuwepo.

Sisi nasi tunayo kumbukumbu yetu. Mwaka 2007 makamishna walikuwa wateule wa rais, na zaidi ya watu 1,000 waliangamia baada ya matokeo ya urais kutangazwa. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na kasoro za fomu za matokeo zilikuwa miongoni mwa hoja zilizozingatiwa. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, lakini Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa wazi, kila mwenye shaka ajumlishe mwenyewe. Tume iligawanyika, hesabu haikufichika.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanafunzi ni hili. Kumpigia refa kura si dawa, na kumteua si sumu. Aliyechaguliwa atawaogopa wafuasi wa chama chake. Aliyeteuliwa atamwogopa aliyemteua. Kinga yetu ni hesabu inayoweza kurudiwa na mtu mwingine, mbele ya macho ya wote, ikatoa jibu lile lile. Nanyi walimu wenzangu, ambao wengi wenu huitwa kusimamia vituo ndani ya madarasa yenu wenyewe, kumbukeni kwamba ile fomu mnayoibandika mlangoni usiku wa manane ina uzito kuliko hotuba ya mwenyekiti yeyote. Iandikeni kwa hati inayosomeka.