Homa ya mapafu Ufipa: nani atamlipa mwenye ng'ombe?

Juu ya uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, ng'ombe hahesabiwi kwanza kwa kilo za nyama. Kuanzia Laela hadi Namanyere, maksai ndio wanaovuta plau mvua zikianza mwezi Novemba, na ndio wanaovuta mkokoteni wa mahindi hadi barabarani baada ya mavuno. Homa ya mapafu ya ng'ombe ikiingia kijijini, hasara huanzia shambani kabla ya kufika mnadani. Jozi ikipoteza mmoja, aliyebaki hana wa kufungwa naye nira. Familia inarudi kwenye jembe la mkono, na mbegu inachelewa kuingia ardhini.

Tanzania ilikuwa imeuondoa ugonjwa huu katikati ya miaka ya 1960. Ulirudi mwaka 1990 kupitia mpaka wa Kenya, ukasafiri na makundi ya mifugo hadi nyanda za juu kusini. Tangu hapo swali ni lilelile: tuchanje kila mwaka, au tuue kila kundi lililoguswa tumalize kazi?

Botswana ilichagua kuua. Ugonjwa ulipoingia Ngamiland mwaka 1995, serikali ilijaribu kwanza uzio na chanjo, ikashindwa kuuzuia, kisha ikaangamiza ng'ombe wote wa wilaya ile, wapatao 320,000. Ugonjwa ukatoweka. Hesabu yake ilikuwa wazi: nchi ile ilikuwa ikiuza nyama Ulaya, na soko hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko mifugo ya wilaya moja. Wafugaji walilipwa fidia, wengine kwa fedha, wengine kwa ng'ombe wapya. Hata hivyo watafiti waliofuatilia kaya zile baadaye walikuta utapiamlo wa watoto umeongezeka. Fidia haikamuliwi maziwa asubuhi.

Sasa leta hesabu hiyo Sumbawanga. Mji una kiwanda cha nyama cha SAAFI, kilichojengwa kwa matumaini makubwa ya soko la nje, lakini mkoa hauna mkataba wa Ulaya wa kuulinda. Ng'ombe wengi wa Rukwa huishia kwenye mabucha ya Mbeya, Tunduma na miji mingine ya ndani. Kuua kundi zima hapa ni kumtoza mkulima wa Kaengesa gharama ya soko asilokuwa nalo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inaipa serikali mamlaka ya kuweka karantini na hata kuangamiza mifugo. Ila mamlaka bila fungu la fidia huzaa jambo moja tu: watu huhamisha ng'ombe usiku, na ugonjwa husafiri nao.

Kwa hiyo chanjo. Na hapa hesabu ni nzuri zaidi kuliko ilivyokuwa zamani. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mkoani Simiyu Juni 2025, imeweka bei ya ruzuku ya shilingi 500 kwa ng'ombe. Mwenye ng'ombe ishirini anatoa shilingi 10,000. Chanjo yenyewe, T1/44, ina mizizi hapa nyumbani: mbegu yake ilipatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, na leo hutengenezwa Kibaha.

Tatizo liko ndani ya chupa. T1/44 ni chanjo hai, lazima ikae kwenye baridi kuanzia kiwandani hadi kwenye kibanio. Ni unga mkavu. Ukishachanganywa na maji yake, afisa mifugo ana muda mfupi tu kabla haujafa. Chupa moja ni ya ng'ombe hamsini au mia. Bondeni mwa Ziwa Rukwa, kwa wafugaji wenye makundi makubwa, chupa inaisha kwa boma moja. Uwandani, kijiji kizima chenye nyumba za ng'ombe wanne wanne lazima kikusanyike mahali pamoja, saa ileile, la sivyo dozi inamwagwa. Tena kinga hudumu kama mwaka mmoja, na dozi ya kwanza huacha baadhi ya ng'ombe bila kinga ya kutosha. Kuchanja mwaka huu na kuruka mwaka ujao ni kutupa fedha.

Sotoka, ugonjwa mwingine wa ng'ombe, ilitudanganya kidogo katika hili. Ile ilitokomezwa duniani mwaka 2011 kwa chanjo, lakini sindano moja tu ilitosha maisha yote ya ng'ombe. Homa ya mapafu haitupi nafuu hiyo. Isitoshe, dukani kuna antibiotiki ya oksitetrasaiklini, na nani atamlaumu mwenye maksai anayekohoa akiinunua? Ng'ombe anapata nafuu, anakula, anauzwa. Ndani ya pafu lake huenda limebaki donge lililojifunga, lenye vimelea hai, ambalo mkaguzi wa nyama ndiye atakayelikuta siku ya kuchinjwa.

Funzo lenye manufaa zaidi linatoka kwenye mafua ya farasi ya Australia, Agosti 2007. Hawakuua farasi kwa maelfu. Walisimamisha safari zote za farasi, wakachanja kuzunguka maeneo yenye ugonjwa, na mwaka ulipoisha maambukizi mapya yalikuwa yamekoma. Kwetu, njia za kusimamisha zinajulikana: zinazopanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa kupitia safu ya Lyambalyamfipa, na ile ya Matai kwenda Kasesya mpakani na Zambia. Fedha kidogo ya fidia, ikitengwa, ingenunua wale wachache wanaokutwa wagonjwa, kwa bei ya mnada, papo hapo.

Halafu kuna kalenda. Chanjo hii wakati mwingine huacha uvimbe mahali sindano ilipopita, na ng'ombe mwenye uvimbe havuti plau vizuri. Agosti na Septemba mahindi yameshavunwa na maksai hawajaanza kulima. Timu ikifika Novemba, mwenye maksai atawapeleka porini asubuhi na mapema, na hatakuwa amekosea.