Sumu ya Dondakoo Hutoka Wapi?

Pua ya binadamu si njia ya hewa tu, bali ni makao pia. Katika unyevunyevu wake huishi bakteria wa aina nyingi, na walio wengi hawamdhuru mtu hata kidogo. Lakini bakteria hao nao wana wageni wao, yaani virusi vinavyowashambulia wao, wala si sisi. Yafaa kila mzazi avifahamu virusi hivyo, kwani kimojawapo ndicho chanzo cha sumu ya dondakoo, ugonjwa uliowaua watoto wengi duniani.

Virusi hivyo viligunduliwa mara mbili. Mwaka 1915, Mwingereza Frederick Twort aliona mjini London makundi ya bakteria yakiyeyuka katika vyombo vya maabara na kubaki maangavu kama kioo. Mwaka 1917, Félix d'Herelle wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliliona jambo hilo hilo, akavipa virusi hivyo jina la bakteriofaji, maana yake walaji wa bakteria.

Kirusi cha namna hiyo hujibandika juu ya bakteria na kupenyeza vinasaba vyake ndani. Baada ya hapo hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama kirusi huzaana humo upesi mpaka bakteria anapasuka na kufa, ama hujipachika katika vinasaba vya mwenyeji wake na kutulia, kikirithishwa kila bakteria anapojigawa. Mpangaji huyu mtulivu mara nyingine hulipa kodi: humpa mwenye nyumba uwezo ambao hakuwa nao.

Mfano mmoja ni bakteria aitwaye Stafilokokasi, ambaye hupatikana puani mwa watu wapatao 3 katika kila 10. Kwa kawaida hukaa kwa amani, ila akipenya kwenye jeraha huleta majipu na usaha, na akiingia katika damu aweza kuua. Wengi wa bakteria hao wanaoishi kwa binadamu wamebeba kirusi chenye vinasaba vya kutengeneza protini zinazodhoofisha kinga ya mwili.

Mfano wa kutisha zaidi ni dondakoo. Bakteria wa ugonjwa huu hukaa puani na kooni, na huenea kwa chafya na kikohozi. Mwaka 1951, mtaalamu Victor Freeman wa Marekani alichukua bakteria wa dondakoo wasiokuwa na sumu, akawachanganya na bakteriofaji. Waliosalia wakiwa na kirusi ndani yao walianza kutoa sumu. Ikadhihirika kwamba bila kirusi hicho bakteria huyo hawezi kutengeneza sumu hiyo.

Sumu hiyo huua chembe za koo, na utando wa kijivu hutanda hapo hata mtoto akashindwa kupumua. Ikisafiri katika damu hushambulia moyo na mishipa ya fahamu. Dawa za antibiotiki huua bakteria, lakini haziondoi sumu iliyokwisha kutolewa. Ndiyo maana mgonjwa huhitaji pia dawa maalumu ya kuizima sumu, nayo ni lazima itolewe mapema, kwa kuwa haiwezi kuing'oa sumu iliyokwisha kuingia katika chembe za mwili. Mzazi anayemnunulia mtoto vidonge dukani na kungoja siku mbili tatu anampa adui nafasi.

Kinga iliyo bora ni chanjo. Chanjo ya dondakoo imetengenezwa kwa sumu yenyewe iliyoondolewa ukali, hivyo mwili hujifunza kuitambua na kuizima kabla haijaleta madhara. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1975, na watoto wachanga hupewa chanjo hiyo pamoja na za kifaduro na pepopunda wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14.

Hatuwezi kuwafukuza bakteria wote puani, wala virusi vilivyomo ndani yao. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba sumu yao ikija inaukuta mwili umejiandaa. Wazazi, itazameni kadi ya kliniki ya mtoto leo. Kama kuna chanjo iliyorukwa, mpelekeni kliniki bila kuchelewa.