Msimu wa Manunuzi Mtandaoni: Maandalizi Yafike Hadi Runazi

Desemba ikikaribia, simu za watu wa Runazi, katika ukanda wa Biharamulo na Ngara, hujaa picha za viatu, magauni ya watoto na taa za sola. Muuzaji yuko Kariakoo, Dar es Salaam, bidhaa zimepangwa WhatsApp na Instagram, malipo ni kwa simu. Mzigo unapanda basi hadi Nyakanazi au Biharamulo mjini, na bodaboda anaumalizia safari. Tangu kampuni ya Jumia ifunge duka lake la mtandaoni nchini Tanzania Novemba 2019, biashara ya mtandaoni kwa wengi ni hii.

Tatizo ni kwamba Desemba kila mtu anaitegemea mitambo ileile kwa wakati mmoja. Walioko mijini wanawatumia wazazi pesa ya sikukuu, wazazi wanatafuta ada ya Januari, wafanyabiashara wanafunga hesabu. Mwenye duka la mtandaoni anayesubiri msongamano uanze ndipo amwite fundi amechelewa.

Wakubwa wa dunia wanalijua hili. Novemba 2020, mifumo ya Alibaba ya China ilipokea oda 583,000 kwa sekunde moja katika kilele cha mauzo. Kampuni kama hiyo hufanya mazoezi mapema kwa kuirushia mifumo yake wateja bandia, ili seva itakayolemewa ijulikane kabla ya siku yenyewe. Ukubwa peke yake haukingi. Julai 2018, Amazon ilifungua siku yake ya punguzo na wanunuzi wengi wakakuta kurasa za hitilafu.

Kubonyeza mara mbili

Mfanyabiashara wa Tanzania hana haja ya mitambo ya Alibaba. Ana haja ya kujua mteja wake anapita wapi. Chukua mama wa Runazi anayelipia sare za shule. Amebonyeza lipa, ameweka namba ya siri, mtandao umekwama. Hajui kama pesa imetoka. Anabonyeza tena. Mfumo uliojengwa kwa haraka utahesabu oda mbili na kumkata mara mbili. Mfumo ulioandaliwa vizuri huipa kila oda namba yake tangu mwanzo. Ombi la pili likija na namba ileile, linajibiwa kwa risiti ya kwanza. Kazi hiyo ni ndogo kwa mtaalamu wa programu, lakini ndiyo inayolinda pesa ambayo mama yule ameikusanya kwa miezi.

Picha nazo zipunguzwe uzito. Aliyeko ofisini Dar es Salaam huona ukurasa umefunguka mara moja. Ukurasa huohuo wa megabaiti kumi unammalizia mteja wa kijijini bando kabla hajaiona bei. Mwenye kiswaswadu asisahaulike: apewe njia ya kulipa kwa menyu ya nyota na reli, isiyohitaji intaneti. Wiki za kilele zikianza, mabadiliko ya mfumo yasimame mpaka msimu upite.

Umeme, mkongo na floti

Ukanda huu haujatupwa. Kituo cha umeme wa maji cha Rusumo, kwenye Mto Kagera mpakani Ngara, kina megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake ya kilovoti 220 inafika Nyakanazi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao unafika mipaka ya Rusumo na Kabanga. Hata hivyo, mnara wa simu ukikatikiwa umeme unabaki na betri na jenereta yake. Kampuni za simu zikague betri hizo na kujaza mafuta mapema, kabla mvua hazijaharibu barabara za vijijini.

Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini. Duka lililoweka kila kitu kwenye seva za Ulaya lingewezaje kumhudumia mteja wa Biharamulo siku ile? Nakala ya data na kurasa muhimu ikae pia ndani ya nchi.

Mwisho kuna wakala wa pesa za simu. Seva zote zinaweza kuwa nzima, lakini wakala akiishiwa floti, yaani salio lake la kuhudumia wateja, mchana, mwenye noti mkononi hawezi kuziingiza kwenye simu, na oda inakufa. Wakala mkuu ahesabu floti ya Desemba kwa kuangalia miamala ya Desemba iliyopita.

Ninachowaomba wenye maduka na kampuni za simu kinawezekana. Kabla ya Novemba kwisha, mtu wao aende kijijini, anunue kitu kwa simu ya bei nafuu, jioni, wakati mtandao umejaa. Oda hiyo ikipita, risiti ikaja na pesa ikakatwa mara moja tu, hapo waseme wamejiandaa. Shilingi ya mteja wa Runazi ina thamani sawa na ya mteja wa Masaki, Dar es Salaam, na inastahili ulinzi uleule.